Ukurasa Uliokosekana

Mama mudogo Hortense, mdogo wake mama yangu, alifundisha shule hapa Likasi miaka thelathini. Alipostaafu akaanza kutafuta vitabu vya kale vya Kikatoliki, misale za Kilatini na vitabu vya sala vilivyochapwa na wamisionari, kabla mchwa hawajavimaliza. Alivishona upya, akavipanga kabatini. Mapadri walikuja kuviazima. Yaliyompata mwezi wa saba uliopita niliyaona, na mengine nikayasikia kwa masikio yangu.

Jumanne asubuhi alikwenda Kamatanda kwa Madeleine, mjane wa katekista Hilaire. Madeleine alifungua sanduku la chuma. Chini ya nguo za altare kulikuwa na kitabu cheusi cha sala za kusindikizia wanaokufa, katika Kiswahili cha zamani. Mama mudogo alikuwa amekitafuta miaka minane.

"Beba," Madeleine akanong'ona. "Lakini usisome na sauti. Inapunguka page ya mwisho."

"Na nikisoma?"

Madeleine alitazama mlangoni kwanza.

"Bwana yangu alisomeaka creuseur mumoja, ule wa kuchimbaka madini, udongo ilimuangukia mu shimo. Alifika ku mwisho, maneno hakuna. Ule muntu akakufa anamuangalia mu kinywa. Kutoka ile siku, bwana yangu alikuwaka anamusikia. Mpaka naye akakufa."

Mama mudogo alimpa pole, akakibeba.

Lakini mwalimu hajui kusoma kimya. Mchana huohuo, jua kali nje, maharage yakichemka jikoni, alifungua litania, sala ya kuitikiana, akatamka jina la mtakatifu wa kwanza.

Jikoni mtu akajibu, "Umuombee."

Alidhani ni mimi nimekuja kumsalimia. Mimi nilikuwa kazini.

Alikifunga kitabu, lakini sauti haikunyamaza. Alhamisi ilikuwa koridoni. Jumapili ilikuwa nyuma ya kiti chake. Nilihamia kwake, na siku ya tatu, tukimenya mihogo, niliisikia. Ilikuwa ya mwanamume. Kavu, kama ya mtu mwenye mchanga kooni.

"Uniombee," ilisema.

Neno lilikuwa limebadilika.

"Weye umesikia?" mama mudogo akaniuliza.

"Nimesikia, mama."

"Anangojea mwisho. Minye ile page nitaipata wapi?"

Tangu hapo hakukaa chini. Alipiga hodi parokiani, kwa masista, kwa wazee wa mitaa ya Panda na Shituru, akiomba nakala nyingine ya kitabu kile. Miguu ilivimba. Chakula alikula amesimama.

Wiki ya tatu tulimkuta Swedi sokoni, muuza vitabu vikuukuu. Alikuwa akichana kurasa za kitabu cheusi kama kile chetu, akiwapa wanawake wafungie karanga.

"Mama, ya zamani hii," alisema. "Hakuna muntu anaisoma."

Nusu ya mbele ilikuwa imekwisha. Mama mudogo alifungua nyuma. Ukurasa wa mwisho ulikuwapo.

Saa tisa mchana alisoma, amesimama katikati ya sebule, kitabu cheusi cha Madeleine mkono mmoja, mabaki ya Swedi mkono wa pili. Mimi nilishika ukuta. Kila mstari ulijibiwa. Karibu. Karibu zaidi. Kitambaa chake cha kichwa kilitikisika, kama mtu anampumulia kisogoni. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Hakugeuka. Akafika kwenye neno la mwisho.

Kisha, "Amina."

Haikuwa sauti moja. Zilikuwa mbili: ile kavu, na nyingine ya mtu aliyezoea kuongoza sala.

Mama mudogo aliketi, akalia kama mtoto. Usiku ule alilala hadi jua likachomoza, na hatujaisikia sauti tena.

Ila asubuhi, tukifagia, tuliona saruji ya sakafu mbele ya kiti chake ina mabonyeo manne, mawili mawili, laini, kama alama za watu wawili waliopiga magoti hapo miaka mingi.

Mwezi wa nane tulimwita fundi Gracien. Alijaza saruji mpya, akasawazisha vizuri. Tulifunga mlango siku mbili ikauke.

Tulipofungua, tulihesabu mabonyeo tena. Yalikuwa sita.