Alama Nne za Garama

Soko la Kongowea asubuhi halina adabu, ukizubaa kidogo tu mkokoteni unakupitia. Kanze alikuwa amezubaa. Amevaa dera la zambarau, mkononi ana mfuko wa nyanya, anabishana na muuzaji, ndipo kijana mrefu aliyebeba gongo lililopinda mwishoni alipogeuka na kuupiga ule mfuko. Nyanya zikatapakaa chini. Kijana akachuchumaa kuziokota, akizipangusa moja moja kwa fulana yake.

"Hilo ni la kufagilia au la kupigia watu?" Kanze akamuuliza.

"La kuzuilia mabao, dada. Leo limekosea lango."

Aliitwa Garama, mtu wa Bofu. Mpira wa magongo aliuanza kwa viatu vya magurudumu juu ya lami ya kwao Likoni, akaitwa Nairobi kwenye uwanja wa barafu, na sasa alikuwa kipa wa timu ya taifa. Kila aliyesikia kwamba Mgiriama anacheza barafuni alicheka kwanza. Kanze hakucheka, akataka kujua barafu yenyewe ina unene gani, na hapo Garama akawa kwisha habari yake.

Naye Kanze hakuwa mgeni wa michezo. Alitangaza kwenye redio ndogo ya mtaani, na baada ya kila mechi kubwa alimpa kila mchezaji alama kati ya kumi na kutoa sababu. Binamu yake wa damu alishawahi kupata mbili, na shangazi mtu akanuna hadi Krismasi.

Mapenzi yakakolea. Garama alipiga simu toka Nairobi meno yakigongana kwa baridi, akimwita laazizi, na Kanze akimwita mzungu wa Bofu. Timu ilipoalikwa ng'ambo kwenye mashindano ya mataifa, wazee wa Garama walikuwa wamekubaliana kupeleka tembo la mnazi la posa Mtongwe, kwa kina Kanze, mara tu atakaporudi. Klabu moja ya huko ilimtaka abaki msimu wote wa baridi, lakini alimwambia Kanze kwamba ataikatalia. Kwaheri yake ilikuwa na ombi moja tu, asimpendelee redioni.

Mechi na Wamongolia Kanze aliitazama studioni kwenye simu, pamoja na Yeslam, mwenye redio. Kenya ilifungwa tano kwa tatu. Mabeki walikuwa wakiteleza kama watu waliokanyaga sabuni, na Garama peke yake akijitupa huku na huku, akizuia kwa gongo, kwa goti, hata kwa kifua. Bao la pili tu ndilo lililompita kizembe. Kanze alijua alichokiona, na alichokiona kilikuwa alama saba.

Lakini kabla ya kipindi ujumbe wa wasikilizaji ulishaanza kumiminika. Leo tutasikia mapenzi yakitoa alama, aliandika mmoja. Mpe kumi shemeji tulale, akaandika mwingine. Kanze akaanza kutokwa na jasho. Nahodha akampa sita, beki wa kushoto tano, na alipofika kwa Garama akasema nne. Yeslam alimtazama. Wasikilizaji wakamsifu kwa msimamo wake, na Kanze, jamani, akafurahi.

Kule Bofu mamake Garama alikuwa amewaalika majirani kwa chai na mahamri, wamsikie mwanawe akisifiwa. Aliizima redio.

Kesho yake mchana Garama akapiga simu. Sauti yake haikuwa na hasira.

"Mama ananiuliza nimewaaibisha vipi. Nikamwambia Kanze hakosei. Nimeitazama mechi upya naitafuta hiyo nne, laazizi. Nionyeshe ilipo nijirekebishe."

Kanze angeweza kudanganya. Akashindwa.

"Haipo," alisema.

"Wewe uliona ngapi?"

"Saba. Niliogopa watu watasema nakupendelea."

"Na ningekuwa mtu usiyemjua, ungenipa hiyo saba?"

"Ningekupa."

"Basi mtu usiyemjua ungemtendea haki," alisema, akakata simu.

Jioni ile Kanze alieleza yote hewani, kwamba alisema uongo kwa woga na kwamba Garama alistahili saba. Yeslam hakumzuia. Ila hakuna aliyemwamini. Likoni nzima ikacheka kwamba bibi harusi amebanwa na wakwe, na ile saba, iliyokuwa ya kweli, ndiyo ikaonekana ya kupendelea.

Mashindano yakaisha, timu ikarudi bila Garama. Alipiga simu mwenyewe kumwambia ameikubali ile klabu.

"Nilisikia ulivyosema redioni. Ahsante."

"Na posa?"

"Wazee nimewaambia wangoje."

"Mpaka lini, Garama?"

"Sijui. Nakupenda, hilo halijapungua. Lakini kila nikikuwaza najiuliza, siku watu wakisema neno juu yetu, utasimama upande gani."

Kanze alitaka kuapa kwamba atasimama upande wake. Alifungua kinywa, na machozi yakamtangulia, kwa sababu swali hilo alishaulizwa mara moja, siku ile redioni, na jibu alikuwa ameshalitoa.

Nje, mamake Kanze alikuwa akipaka ukuta chokaa kwa ajili ya wageni wa posa. Kanze akatoka, akaipokea brashi mkononi mwake, akamwomba awapigie wajomba, waliokuwa waje kuipokea posa, awaambie wasije.