Faili Kubwa Kuliko Yote

Kila siku baada ya masomo, msichana aliyeitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya mama yake. Alivua sare, akavaa gauni la nyumbani, akafagia vumbi la plasta lililotanda sakafuni kama unga, kisha akakaa kwenye meza ya kompyuta kufanya kazi zake za shule. Huku akifanya hayo yote alikuwa akisema. Alisimulia habari za mwalimu wa hesabu, za rafiki aliyemnunia, za paka wa jirani, naye mama akaitikia "ehe" na "kumbe" bila kuinua macho. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza hata kwa muda wa kumeza mate.

Mama alikuwa fundi wa miguu ya bandia. Mtu aliyekatwa mguu alifungwa plasta kwenye kigutu, na ilipokauka ilivuliwa, ikapimwa kwa mashine, na umbo lake likaingizwa kwenye kompyuta. Baada ya hapo plasta ilivunjwa na kutupwa, maana karakana ilikuwa ndogo. Kuanzia siku hiyo umbo la kigutu lilibaki ndani ya kompyuta peke yake. Kompyuta iliiongoza mashine ya kuchonga, nayo ikachonga mfano ambao mama aliutumia kutengeneza kikombe cha mguu, yaani sehemu ambamo kigutu huingia. Kikombe kikikosewa hata kwa unene wa ukucha, mvaaji anatoka vidonda.

Mashine hiyo ya kuchonga ilikuwa ya zamani, na programu yake ya zamani vilevile. Haikuelewana kabisa na kompyuta za siku hizi. Kompyuta ya mwanzo ilipokufa, mama alidhani kazi ndiyo imekwisha. Aliyemwokoa ni mdogo wake, fundi wa kompyuta, ambaye Chiriku alimwita mama mdogo. Alileta kompyuta mpya, na ndani yake akatengeneza nyingine ya kubeba programu na maumbo yote aliyoyatoa kwenye diski ya ile iliyokufa.

"Ndani yake wapi?" Chiriku aliuliza siku ile.

Mama mdogo alimweleza taratibu kwamba hiyo ni kompyuta pepe. Haina umbo la kushikika wala nyaya zake. Inaazima akili, kumbukumbu na nafasi kwa kompyuta iliyoibeba, lakini yenyewe inajiona ni kompyuta kamili. Ukiifungua inatokea kwenye dirisha moja la skrini, na mle ndani kila kitu ni cha kizamani, kwa hiyo programu ya mama inajiona iko kwao. Alisema ofisini kwake mashine moja kubwa imebeba kompyuta pepe ishirini, kila moja na kazi yake, na moja ikiharibika nyingine hazina habari. Wapo pia wanaozitumia kujaribu programu wasiyoiamini, ili ikileta balaa, balaa liishie humo humo. Tena ni rahisi kuinakili na kuihamisha, kwa kuwa kompyuta nzima, pamoja na vyote vilivyomo, imo katika faili moja kubwa.

Hilo la mwisho Chiriku hakulisikia. Alikuwa ameshaanza kusimulia jinsi kompyuta ya shuleni kwao ilivyong'oka kitufe.

Miezi saba ilipita. Jumatano moja mama alitoka kumpelekea mteja mguu wake. Chiriku alikuwa amepewa na wenzake video za mashindano ya riadha ya shule, akataka kuzihifadhi, kompyuta ikamjibu kwamba nafasi imejaa. Akatafuta faili lililokula nafasi kubwa kuliko yote, akaliona. Lilikuwa na jina la herufi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu. Alipolifungua halikuwa picha, halikuwa barua, halikuwa wimbo. Akajisemea kwamba ni takataka tu, akalifuta, kisha akaingia kwenye pipa la taka akalifuta na humo. Video zikaingia zote, na nafasi ikabaki tele.

Alhamisi alimkuta mama amekaa mbele ya skrini, mikono mapajani. Kompyuta pepe haifunguki. Ujumbe ulisema kwamba faili linalotafutwa halipo, na chini yake liliandikwa jina lile lile la herufi na tarakimu. Chiriku aliusoma mara moja tu, akalitambua.

"Jana uligusa kitu humu, mwanangu?" mama aliuliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Hapana, mama. Labda ni umeme. Jana ulikatika."

Umeme haukukatika. Lakini mama hakuwa na sababu ya kutomwamini mwanawe. Alimpigia simu mdogo wake, aliyekuwa mbali kikazi, akamweleza kwamba umeme ulikatika na kompyuta pepe imegoma. Mama mdogo akasema atafika Jumamosi kuitazama, na kama ni umeme tu, hakuna ubaya kuitumia kompyuta kwa kazi nyingine. Basi mama akaendelea kuingiza picha za eksirei na barua za wateja, siku mbili mfululizo, na kila alichoingiza kilikaa mahali fulani kwenye diski. Chiriku alimtazama. Mara tatu alifungua mdomo, na mara tatu aliufunga. Jioni hakula, akaenda kulala mapema.

Ijumaa alikuja muuguzi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliyepoteza mguu mmoja kwenye ajali ya barabarani, na alikuwa amesafiri tangu alfajiri kwa magongo. Hospitali ilikuwa imekubali kumrudisha kazini wodini Jumatatu, kwa sharti kwamba aje amesimama kwa miguu miwili. Mama alimwambia ukweli aliokuwa nao: mashine imegoma, mguu haujachongwa. Muuguzi aliegemeza magongo yake ukutani. Kisha akauliza kama upo uwezekano wa kesho, au hata keshokutwa, na mama akatikisa kichwa. Hakulia wala hakulaumu. Aliomba maji, akanywa, akaanza safari ya kurudi kwao. Chiriku alisikia magongo yake yakigonga sakafu hadi nje, akatamani ardhi impasukie.

Jumamosi mama mdogo alifika. Alitafuta kwa saa nzima, uso ukizidi kumkunjamana, halafu akasema umeme hauwezi kufanya hivi. Faili halikuharibika. Limefutwa.

Mama alijishika kichwa. "Basi ni mimi," alisema. "Nimechoka, mdogo wangu, sijui hata nabonyeza nini. Maumbo ya watu arobaini na watatu nimeyapoteza kwa mikono yangu. Afadhali niifunge tu karakana."

Chiriku hakuweza tena. "Si wewe, mama. Ni mimi. Nilitaka nafasi ya video, nikalifuta. Umeme haukukatika."

Hakuna aliyempiga wala kumgombeza, na hilo lilimwumiza zaidi. Mama mdogo aliuliza jambo moja tu, ni lini. Aliposikia Jumatano, alifumba macho. Alieleza kwamba faili likifutwa haliondoki palepale. Nafasi yake huhesabiwa kuwa tupu, na vitu vipya ndivyo vinavyolifunika. Video zilifunika sehemu, lakini Jumatano ile ile angeweza kuokoa mengi. Alhamisi angeokoa kidogo. Sasa eksirei zimelala juu yake, na hata afanye nini, halirudi.

Kilichopatikana ni nakala aliyoihifadhi kwenye diski yake siku alipoitengeneza ile kompyuta pepe. Aliinakili, akaifungua, na dirisha la kizamani likatokea tena. Programu ikafanya kazi na mashine ikanguruma. Lakini watu waliomo walikuwa thelathini na mmoja. Kumi na wawili waliopimwa katika ile miezi saba hawakuwamo, na muuguzi alikuwa mmoja wao.

Mama alimpa Chiriku simu na daftari la namba. Alimwambia awapigie wote kumi na wawili, amweleze kila mmoja nini kilitokea na nani alikifanya, na awaombe waje kupimwa upya. Ilimchukua mchana kutwa. Mzee mmoja alimkatia simu. Mama mmoja alilia. Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho, akasema atakuja Jumanne, basi.

Alikuja, akafungwa plasta, na Alhamisi mguu ukawa tayari. Ulimkaa vizuri. Alitembea kutoka ukutani hadi mlangoni na kurudi, mama akachutama kumkagua, akaridhika. Siku hiyo pia mama mdogo aliweka utaratibu wa kunakili kompyuta pepe kila Ijumaa kwenye diski mbili, moja ikae karakanani na nyingine nyumbani. Kwa upande wa karakana, shida ilikuwa imekwisha.

Chiriku alimsindikiza muuguzi hadi kituo cha mabasi, akimbebea magongo. Njiani alikusanya nguvu akamwuliza kuhusu kazi. Muuguzi akajibu kwamba Jumatatu nafasi ile alipewa mwingine, na kwamba ataandika barua upya na kusubiri. Inaweza kuwa mwaka.

Chiriku akaanza kulia. Muuguzi alisimama, akamgeukia.

"Sikiliza, binti yangu. Wodini kila mtu hukosea, hata mimi. Muuguzi akitoa dawa isiyo sahihi, akasema saa ile ile, tunakimbia na mgonjwa anapona. Akiogopa akakaa nayo hadi asubuhi, anasema yale yale, na kosa ni lile lile, ila hatuna tena mgonjwa wa kuokoa. Kufuta faili hukujua, hilo silo ninalokudai. Nakudai zile siku tatu ulizonyamaza."

Chiriku alimwomba msamaha. Muuguzi akasema ameshamsamehe, akachukua magongo yake, akapanda basi polepole, mguu mpya ukitangulia.