Utani Una Wenyewe

Mwaka ule sabuni ilikuwa habari. Mtu akipita Nyasura na shati jeupe, watu waligeuka kumtazama. Kafulia nini huyu? Kapata wapi? Chai ya sukari ilinywewa mlango umefungwa, na watoto walionywa wasiseme nje. Redio ilitangaza msako wa walanguzi, na kila jirani aliona mlanguzi ni mwenzake.

Kwa Masatu hawakuwa na cha kuficha. Masatu alilima pamba. Mkewe, Esta, alilima mtama na kuuza dagaa sokoni Bunda. Walichokuwa nacho kwa wingi ni maneno. Masatu alikuwa na mdomo, jamani! Mama yake mzazi, aliyeishi nao, alisema mtoto huyo alizaliwa anaongea, kilio kikafuata baadaye.

Kila Jumamosi mdomo huo ulikuwa na kazi. Masatu ndiye aliyeongoza kuishangilia timu ya Nyasura. Alisimama nyuma ya goli na kumtania kila mtu. Zaidi alimtania Keraryo, beki wa kati, Mkurya mrefu aliyemwoa dada yake.

"Shemeji!" alipiga kelele. "Huo ni mpira, si ng'ombe wa watu! Usiondoke nao usiku!"

"We mla dagaa, funga mdomo, usije ukapaliwa!" Keraryo alijibu huku anakimbia.

Uwanja mzima ulicheka. Mechi ikiisha, wawili hao walikwenda kunywa togwa kwa kibuyu kimoja.

Golini alisimama Ramniki, kijana wa Kihindi. Alikuwa fundi baiskeli kama baba yake, mzee Jivani. Baba alizaliwa Musoma, mwana akazaliwa hapa hapa Bunda. Kijita alikisema bila kukwama. Ila hakuwa mtu wa maneno mengi. Alidaka mpira, akaenda kwao.

Jumamosi moja timu ya Musoma ilikuja Nyasura. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na uwanja ulikuwa tope tupu. Nyasura wakapata penalti. Renatus, mshambuliaji wao, akaipaisha juu. Karibu na mwisho, shuti jepesi likampita Ramniki katikati ya mikono. Moja bila. Nyasura wakafungwa nyumbani.

Hapo Masatu akaingiwa na shaka. Siku iliyotangulia alipita karakanani kwa mzee Jivani, akamwona Ramniki akiongea na mtu wa Musoma. Walikuwa wanaongea nini? Mbona walinyamaza alipopita?

"Kauza!" alipaza sauti. "Wahindi hawa wanauza kila kitu, hata goli wanauza! Rudi kwenu Bombei ukauze huko!"

Watu wakacheka. Kisha wakaligeuza neno hilo kuwa wimbo. "Anauza! Anauza!" Ramniki aliokota fulana yake, akaondoka bila kumtazama mtu.

Neno halina miguu, lakini hilo lilitembea. Jumapili lilifika kisimani. Kama mtoto anauza goli, baba ameficha nini? Mtu akasema tairi. Mwingine akasema si tairi tu, na sukari. "Lisemwalo lipo," watu walisema, "na kama halipo, laja."

Jumatatu mgambo walifika karakana ya mzee Jivani kukagua. Walimwaga spoki chini, wakachungulia darini, wakakuta minyororo ya zamani na kopo la gundi. Waliondoka bila hata kusema pole. Hata hivyo wateja walikoma kuja. Waliambiana kwamba mtu hakaguliwi bure.

Ramniki aliacha mazoezi. Habari zikaja kwamba mzee Jivani anatafuta mtu wa kununua vifaa vyake, ili wahamie Mwanza.

"Baba Hana," Esta alimwambia mumewe, "mdomo wako unafukuza watu mjini."

"Mdomo wangu? Mimi nilitania! Keraryo namwitaga mwizi wa ng'ombe tangu alipooa kwetu. Amehamia Mwanza?"

"Na baiskeli yako je? Mnyororo umekatika, pamba inangoja. Utatengenezea wapi?"

Moyoni Masatu alikuwa akitafuta aliyewaita mgambo. Si yeye. Basi nani? Alimshuku Renatus, kwa kuwa alikosa penalti na alitaka watu wasahau. Alimshuku hata Marcelina, jirani yao. Marcelina alizaliwa Butiama, na hapo Nyasura alifundisha darasa la kisomo cha watu wazima. Esta alikuwa mwanafunzi wake. Juzi Masatu alimwona akitoka kwa mzee Jivani. Alikwenda kufanya nini kule wakati wenzake wote wamekoma?

Jioni hiyo Marcelina alikuja kuchukua ungo wake. Masatu aliitazama blauzi yake.

"Blauzi yako nyeupe sana, mwalimu."

"Nafulia majani ya mpapai, Baba Hana. Lete shati lako nikufundishe."

Esta aliangua kicheko. Masatu aliona aibu, ila hakutaka ionekane.

"Na kwa Wahindi ulifuata nini?"

"Nilipeleka pampu yangu. Tena nilikwenda kuwapa pole. Kwa nini, na wewe unafanya msako?"

"Mwalimu, mnanionea," Masatu alisema. "Neno lina mahali pake. Neno lile lile, hapa ni tusi, pale ni kicheko. Mimi mtani. Kila mtu anajua."

Marcelina alikaa kwenye kigoda.

"Hapo hujasema uongo. Neno lina mahali pake. Basi tupatazame hapo mahali penyewe. Renatus alikosa penalti. Ni Mjita kama wewe. Ulisema Wajita wote wanauza?"

"Aa! Nilisema Renatus ana mguu wa gogo."

"Kwa hiyo kosa la Renatus ni la mguu wake. Kosa la Ramniki ni la Wahindi wote. Kwa nini?"

Masatu alikuna kichwa.

"Haya. Keraryo ukimwita mwizi anafanyaje?"

"Ananijibu! Tena ananizidi."

"Ramniki angekujibu siku ile, uwanja mzima ukimwimbia, angefika kwao salama?"

Masatu aliutazama ule uwanja moyoni. Aliwaona wale vijana waliokwishaanza kuokota mawe. Siku ile hakuwajali.

"Labda asingefika," alisema.

"Na mwaka wenyewe je? Mwaka mwingine ungesema Wahindi wanauza, watu wangesahau. Mwaka huu ukimwita mtu mlanguzi, anakaguliwa. Wewe ulisema kwa kucheka. Waliosikia walipeleka taarifa."

"Mimi sikuwaita mgambo!"

"Hukuwaita. Uliwapa sababu ya kuja."

Esta aliacha kupepeta mtama. Ndani, mama mzee alikohoa, naye anasikiliza.

"Baba yako alipofariki," Marcelina aliuliza, "nani alichimba kaburi?"

"Keraryo." Masatu alitabasamu kidogo. "Akalala humo ndani, yule kichaa. Akakataa kutoka mpaka tumpe jogoo. Nilikuwa nalia, nikajikuta nacheka."

"Huo ndio utani. Mtani anakutukana, na siku yako ya majonzi anashika jembe. Sasa niambie. Mama yake Ramniki alipofariki mwaka jana, wakamchoma kwa desturi yao, wewe ulikuwa wapi?"

Masatu alikumbuka. Alisimama barabarani na wenzake, wanatazama moshi. Yeye ndiye aliyeuliza kama harufu itafika soko la samaki. Wenzake walicheka. Na Ramniki alikuwa anapita na mzigo wa kuni begani. Siku ile Masatu alijiambia kwamba Ramniki hakusikia. Sasa alijua kwamba alisikia.

"Mtani hajiteui, Baba Hana," Marcelina alisema taratibu. "Anakubaliwa. Usiyemzikia wafu wake, umepata wapi ruhusa ya kumtukana?"

Alichukua ungo wake akaenda zake. Masatu hakula vizuri jioni hiyo. Alimchukia Marcelina kidogo, kisha akajichukia mwenyewe zaidi.

Asubuhi alisukuma baiskeli yake mpaka karakana. Mzee Jivani alipomwona aliingia ndani na kufunga mlango. Ramniki alibaki, na koleo mkononi.

"Umetumwa?" aliuliza. "Kukagua walishakagua."

"Nimekuja kuomba radhi."

Ramniki alimtazama kwa muda, kama anayetafuta mtego ulikofichwa.

"Ulinitukana uwanjani," alisema. "Unaniomba radhi uchochoroni?"

Ulimi ulimwasha Masatu kumuuliza yule mtu wa Musoma alikuwa nani. Kisha akajiuliza, ningemuuliza Renatus? Angekuwa Renatus, asingemwuliza neno. Akalimeza swali lile. Liliteremka kwa shida.

"Jumamosi uje," alisema.

"Sitakuja."

"Basi watakaokuja watakusimulia."

Jumamosi, kabla ya mpira kuanza, Masatu alitembea mpaka katikati ya uwanja. Watu walishangilia, wakidhani kichekesho kinaanza. Aliinua mkono.

"Ile siku nilisema Ramniki kauza mechi. Sikuona, sikusikia, sikujua lolote. Nikawatia na Wahindi wote ndani, nikamwambia arudi kwao. Kwao ni hapa! Baba yake kazaliwa Musoma, Musoma hapo! Nilisema ni utani. Haukuwa utani. Lilikuwa tusi, na limewaletea watu msako. Namwomba radhi, yeye na mzee wake."

Kisha mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Kahongwa huyo! Kapewa tairi!"

"Kweli!" mwingine akaitikia. "Mbona kageuka ghafla? Lisemwalo lipo!"

Masatu alihisi masikio yanawaka. Atawaambia nini? Akikataa, watasema anaficha. Akinyamaza, watasema amekubali. Hivi ndivyo Ramniki alivyosimama golini. Alitamani kukimbia.

Keraryo alikuja akasimama kando yake.

"Mimi pia nilihongwa!" alinguruma. "Huyu alinihonga dada yake, na kila siku nadai nyongeza!"

Watu walivunjika mbavu, na yule wa tairi akanyamaza. Ila Masatu alijua kwamba bila Keraryo angezomewa mpaka nyumbani.

Wiki hiyo viongozi wa timu walikaa. Walibishana sana. Mmoja alisema utani ukikatazwa mpira utakufa. Marcelina, aliyealikwa, alisema hakuna anayekataza utani.

"Mkosoe mchezaji kwa mchezo wake," alisema. "Mtaniane na anayekubali na anayeweza kujibu. Lakini anayemtukania mtu rangi yake au kabila lake mbele ya umati, msingoje aseme alikuwa na nia gani. Tazameni aliyetukanwa amebaki na nini."

Walikubaliana kwamba mtu wa namna hiyo atatolewa uwanjani, hata kama anajiita mtani. Masatu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Watu hawakurudi karakana kwa siku moja. Kwanza alionekana Masatu, ameketi nje mchana kweupe, baiskeli yake inatiwa mnyororo. Kisha Esta alipeleka ya kaka yake. Wengine waliona waliotangulia hawakudhurika, wakaja. Mzee Jivani aliacha kutafuta wa kununua vifaa. Kabla pamba haijaisha shambani, Ramniki alirudi golini.

Ila hakucheka na Masatu. Alimsalimia, alimtengenezea baiskeli, basi. Masatu naye alijifunza kukaa nyuma ya goli na kusema, "Umedaka vizuri, kipa," na kuishia hapo. Kwa mdomo kama ule, hiyo ilikuwa adhabu.

Msimu wa pamba ulipokwisha, mama yake Masatu alifariki. Masatu alilia kama mtoto. Keraryo alifika alfajiri na jembe begani. Nyuma yake alikuja mtu mwingine na sepetu. Masatu alifuta macho, akatazama tena. Alikuwa Ramniki.

Hakusema kitu. Alivua viatu, akaingia kwenye alama ya kaburi, akachimba na Keraryo mpaka likatimia. Waombolezaji walinong'ona. Huyu anafuata nini hapa? Nani kamwita?

Jeneza lilipoletwa, Ramniki aliketi ukingoni, miguu ndani ya kaburi, sepetu mapajani.

"Simameni hapo hapo!" alisema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. "Si mlisema sisi Wahindi tunauza kila kitu? Kaburi hili nimelichimba mimi, na leo naliuza. We mla dagaa! Lete jogoo, la sivyo mama yako halali!"

Msiba wote uliganda. Esta alishika mdomo. Watu wote walimgeukia Masatu kuona atafanya nini.

Masatu alimtazama Ramniki. Alitazama udongo kwenye magoti yake, na malengelenge kwenye viganja. Kitu kikampanda kifuani. Akadhani ni kilio, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka machozi yakaongezeka, na Keraryo akacheka, na msiba mzima ukapumua.

"Hana!" alimwita binti yake. "Kamkamate yule mwekundu, mlete kwa mtani wangu."

Jogoo akaletwa. Ramniki alimshika miguu, akampima kwa mkono.

"Mwepesi," alisema, "kama mdomo wa mwenyewe."

Akampa Keraryo jogoo, akashuka kaburini, akainua mikono yake yenye udongo kumpokea mama.