Marais Wawili na Taa za Uwanjani

Mchana, watu wakishakula wali wao, nyumba ya Bibi Kazija pale mji wa Manah, nchi ya Waarabu, ilikuwa kimya. Feni ikizunguka, wakubwa wamejinyoosha, na hata mbuzi wa jirani wamejibanza kivulini. Aliyekuwa macho ni Raghad peke yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na saa ile ya usingizi wa watu ndiyo iliyokuwa saa yake. Alikaa ukumbini mbele ya kompyuta, akachomeka waya wa simu, akangoja ile milio ya kukwaruza iishe ili mtandao ufunguke.

"Ushaikamata tena simu yangu," alisema Bibi Kazija kutoka chumbani, macho kayafumba. "Turkiya akinipigia kutoka Sur atadhani nimekufa." Turkiya alikuwa mdogo wake, naye alipenda kupiga simu mchana.

"Dakika moja tu, Bibi."

"Dakika yako ya jana ilinifikisha magharibi."

Kilichomshughulisha Raghad kilikuwa ukurasa wa Klabu ya Shuruki. Klabu hiyo ya mpira ilikuwa ndogo, lakini watu wa mtaa ule waliipenda kama mtoto wao, na mwaka ule wa 2005 ilikuwa ikijitayarisha kwa sherehe ya kuzaliwa kwake. Katibu wa klabu alikuwa Khalil, mdogo wake mama yake Raghad. Yeye ndiye aliyetoa shauri kwamba marais wote wa zamani wa klabu waandikwe maisha yao kwenye mtandao, na waandishi wawe wanafunzi wa mtaani. Kila mwanafunzi aliweza kuingia, akaongeza anachokijua na akasahihisha alichokosea mwenzake. Siku ya sherehe maandishi yale yangechapishwa kwa herufi kubwa, yakatundikwa ukutani chini ya picha ya kila rais.

"Nna masharti mawili tu," Mjomba Khalil aliwaambia siku ya kwanza. "Andika jambo ulilolihakikisha, useme umelipata kwa nani. Na usimpambe mtu, wala usimchafue. Mwandike kama alivyokuwa."

Rais wa pili wa klabu alikuwa Mzee Suud, mume wa Bibi Kazija na babu yake Raghad. Alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Rais wa tatu alikuwa Mzee Musabbah, jirani yao wa ng'ambo ya mfereji, naye alikuwa hai, mzima wa afya. Mjukuu wake ni Hala, na Hala na Raghad walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza.

Basi matata yalianzia hapo.

Raghad aliandika, "Mzee Suud ndiye aliyeleta taa za uwanjani." Siku ya pili akaikuta sentensi imefutwa, na kwenye ukurasa wa Mzee Musabbah imeandikwa, "Mzee Musabbah ndiye aliyeleta taa za uwanjani, na ndiye aliyeweka sheria ya kuzizima wakati wa isha." Raghad akafuta, akaandika upya, na kwa hasira akaongeza kwamba Mzee Suud alikuwa rais bora kuliko wote, hakupata kukosea wala kugombana na mtu. Hala naye akafuta, akaongeza kwamba Mzee Musabbah alifanya kazi wakati wengine wamelala. Raghad alipoisoma ile "wengine wamelala" masikio yakamwaka moto.

Skuli walikutana kwenye foleni ya kantini.

"Taa kaleta babu yangu," alisema Hala bila hata salamu. "Mtaa mzima unajua."

"Mtaa mzima au wewe na kaka zako?"

"Muulize yeyote umtakaye."

"Nimuulize nani? Kasema babu yako mwenyewe."

Hala akacheka. "Babu yangu? Babu yangu haongei hata na mama yangu, leo ndiyo aje akuhadithie wewe?"

"Hakunihadithia mimi. Alimwambia Bibi, alipokuja kuhani msiba wa Babu, na mimi nilikuwepo. Kwa hivyo ukisema mimi mwongo, unamsema babu yako."

Hala akampa mgongo. Alinunua mkate wake akaenda kula kwa kina Hamda, na siku ile dawati lao lilikuwa refu kwa jinsi walivyokaa mbalimbali.

Jioni Mjomba Khalil alikuja nyumbani. Hakugomba, lakini hakutabasamu pia. "Kurasa mbili nimezifunga," alisema. "Kila nikifungua nakuta mnafutana kama watu wanaogombania ukuta wa kuandika majina yao. Ikifika Jumatano hamjapatana, Alhamisi nitatundika picha za wazee wenu hivyo hivyo, na chini yake patakuwa patupu."

"Chini ya Babu patupu, Mjomba?"

"Patupu. Bora patupu kuliko uwongo, maana uwongo ukishatundikwa ukutani watu wataunakili."

Usingizi wa mchana uliofuata hata Raghad aliutafuta, asiupate. Bibi Kazija alikuwa keshashona nguo mpya ya kwendea sherehe. Kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha, lakini karatasi tupu chini ya picha ya mumewe angeiona, na Raghad alijua asingesema kitu. Angerudi nyumbani tu, akavua nguo ile, akaikunja.

Hata hivyo hakuona alipokosea. Kisa chenyewe alikikumbuka vizuri. Ilikuwa siku ya pili ya matanga ya babu yake. Bibi Kazija alikuwa keshaingia eda, haonani na wanaume wa nje, kwa hivyo Mzee Musabbah alisimama ukumbini, nyuma ya pazia, akatoa mkono wa taazia kwa maneno. Raghad alikuwa amemwegemea bibi yake upande wa ndani. Sauti ya Mzee Musabbah ilitetemeka aliposema, "Bi Kazija, uwanja ule unawaka taa kwa sababu ya Suud. Vijana wa Manah hawatamsahau." Na Bibi aliyekuwa akilia tangu asubuhi akatulia.

Sasa anayesema kweli ni nani? Raghad aliona njia ni moja. Baada ya laasiri alivaa shela yake akavuka mfereji. Mlangoni alimkuta Hala, mikono kiunoni.

"Umekuja kunishitaki?"

"Nimekuja kumuuliza. Njoo usikie na wewe, usije ukasema nimetunga."

Mzee Musabbah alikuwa barazani na redio yake ndogo ameibana sikioni, anasikiliza habari za Kiswahili. Walimwamkia wote wawili kwa pamoja, "Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mmekuja pamoja leo? Mimi nimesikia mna vita." Akawasogezea sahani ya tende. "Kuleni kwanza, vita havipiganwi kwa njaa."

Raghad alichukua tende moja akabaki nayo mkononi. "Babu, ulipokuja kuhani ulimwambia Bibi kwamba uwanja unawaka kwa sababu ya babu yangu. Ni kweli, au si kweli?"

Mzee alizima redio. Akaiweka chini kando ya sahani.

"Nilisema," alijibu.

Hala akamgeukia.

"Lakini niulizeni nilisema lini. Mwenzangu tumemzika jana yake. Mjane wake yuko nyuma ya pazia, namsikia. Na wewe Raghad, baba yako Hamed kasimama na dele mkononi, hawezi hata kuwamiminia watu kahawa. Mlitaka niseme nini? Niseme Suud kaniudhi miaka miwili?"

"Alikuudhi?" aliuliza Raghad polepole.

"Wallahi, vibaya sana. Yeye rais, mimi mjumbe tu. Kila mkutano naomba taa, na kila mkutano anakataa. Anasema vijana wakipata taa watacheza wapitwe na isha, na mama zao wabaki wanawangojea na chakula kinapoa. Siku moja alininyima hata salamu. Basi nilipochaguliwa mimi, nikaenda baladia, ofisi ya mji, nikaomba ruhusa, nguzo zikasimamishwa. Jioni ya kwanza timu zimejipanga, nani namwona anakuja na bakora yake? Suud. Nikasema moyoni, leo tunaaibishana mbele ya watoto." Mzee akatikisa kichwa, akacheka peke yake. "Akaja mpaka hapa usoni pangu. Akanambia, 'Musabbah, taa nzuri. Nilikosea. Ila ikiadhiniwa isha zizime, waende wakaswali, kisha uziwashe.' Na mpaka leo ikiadhiniwa zinazimwa. Watu wananishukuru mimi kwa sheria ile. Sheria ya Suud ile, si yangu."

Hala aliinamisha macho. Yeye ndiye aliyeiandika sheria ile kwa jina la babu yake.

"Mbona hukusema siku zote, Babu?" aliuliza.

"Nani aliniuliza? Na maneno ya matanga, mjukuu wangu, ni ya kumpoza mtu. Hakuna anayeyasahihisha. Mie sikujua kwamba pembeni kumekaa mtoto anayahifadhi akayaandike."

Hala alimsindikiza Raghad mpaka mferejini. Walipofika, Hala alisema, "Kama hutaki, mimi sitaandika kwamba alikataa. Tutaandika sheria ya isha basi. Nani atajua?"

Lilikuwa neno la rafiki, na Raghad alilitamani. Lakini alimuwaza Mzee Musabbah amesimama mbele ya ule ukuta, anasoma. "Babu yako atajua," alisema. "Ngoja nikamwambie Bibi kwanza."

Bibi Kazija alikuwa anachambua mchele. Raghad alikaa chini karibu yake akaeleza yote, ya pazia, ya taa, ya miaka miwili ya kukataa, na kila neno lilimtoka kwa tabu. Alingoja machozi. Bibi aliweka ungo chini, akajifunika mdomo kwa ukaya wake wa kichwani, mabega yakaanza kumtikisika. Raghad alishituka, kisha akatambua kwamba bibi yake anacheka.

"Alikataa," alisema Bibi. "Tena mimi nilikuwa upande wa Musabbah. Nikimpelekea kahawa namwambia, wape watoto taa, bwana we. Hakusema nami siku nzima." Akajifuta macho. "Hebu nisomee hayo uliyomwandika."

Raghad alisoma kwa aibu. "Mzee Suud alikuwa rais bora kuliko wote, hakupata kukosea wala kugombana na mtu."

"Nani huyo?"

"Babu."

"Simjui huyo. Mimi niliolewa na Suud Unguja, nikaja naye mpaka hapa, na kwa kugombana hakuwa na wa pili. Alikuwa akigomba, kisha akijiona kakosea anarudi mwenyewe kwa miguu yake, anasema nimekosea. Wangapi wanaweza hilo? Huyo wako hajapata kukosea, atarudi wapi?"

Raghad alihisi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Kitu alichokiogopa siku zote zile hakikuwepo.

Jumanne Hala alikuja na kiti chake, wakabanana mbele ya kompyuta moja, na Mjomba Khalil akawafungulia kurasa. Hala aliandika, "Mzee Suud kwa ukaidi alizikataa taa."

"Ukaidi nani kasema?" aliuliza Mjomba.

"Si ndiyo ulikuwa ukaidi?"

"Huo uamuzi wako. Andika alichofanya na sababu aliyoitoa, msomaji ataamua mwenyewe."

Wakafuta, safari hii kwa kuelewana. Wakaandika kwamba Mzee Suud alikataa kuletwa taa kwa kuhofia vijana wangekosa sala ya isha. Mzee Musabbah alipokuwa rais alizileta, na Mzee Suud alikiri kwamba alikosea, akaomba zizimwe wakati wa adhana, ombi lililokuwa sheria ya klabu. Mwisho wakaongeza, "Haya ameyasema Mzee Musabbah, na Bibi Kazija amethibitisha kwamba Mzee Suud alizikataa taa." Ile "bora kuliko wote" na ile "wengine wamelala" ziliondoka, na hakuna aliyezililia.

Alhamisi jioni uwanja ulijaa. Mzee Musabbah alisimama mbele ya picha mbili zile, akavaa miwani yake, akasoma upande wa mwenzake mpaka mwisho kabla ya kusoma wake. Alimgeukia Raghad, akamwinamishia kichwa kama anavyomwamkia mtu mzima.

Bibi Kazija, na nguo yake mpya, alisomewa na Raghad neno kwa neno.

"Huyu namjua," alisema.

Kisha akawashika mikono wote wawili, Raghad kulia, Hala kushoto. "Sikilizeni, wanangu. Tukienda kuhani tunamtaja maiti kwa wema, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu pale tunamwangalia aliyefiwa. Lakini anayeandika anamwandikia mtu asiyemuona, mtoto atakayekuja akatuulizia sisi tulikuwa watu wa namna gani. Huyo hana wa kumuuliza isipokuwa maandishi yenu. Msimpe babu aliyefanywa malaika, wala msimpe jirani aliyefanywa shetani. Ulizeni kila upande, muandike yaliyokuwa. Mapenzi yenu kwa babu zenu yawekeni moyoni, hayapungui kwa kusema kweli."

Hapo adhana ya isha ikatoka msikitini, na taa za uwanja zikazimika zote kwa mara moja. Katika giza lile alisikika kijana mgeni akiuliza nani aliyeweka desturi ile.

"Mzee Suud," akajibiwa na sauti ya mtoto. "Imeandikwa pale ukutani."

Raghad akaubana mkono wa bibi yake.

"Haya," alinong'ona Bibi Kazija, "twende tukaswali. Na tukirudi nyumbani usiguse simu yangu. Nna mengi ya kumwambia Turkiya."