Bado Mbali?

Zipu ndiyo iliyowakutanisha, tena zipu mbovu. Ilikuwa siku ya soko, watu wamebanana mpaka hewa inagombaniwa, na fundi yuko kwenye cherehani yake pale kona ya ngazi, gauni la kijani limejaa vipande vya uzi, midomo imebana pini. Mara likatua mezani koti jekundu zito, linanuka moshi.

"Dada fundi, niokoe. Kesho alfajiri napandisha wageni mlimani na zipu imegoma."

Fundi akainua macho. Alimwona kijana mrefu, mashavu yameungua kwa baridi na jua, alama ya miwani imemzunguka macho.

"Na leo ndiyo umekumbuka kwamba una koti?"

"Nilikuwa nakutafuta wewe."

"Hunijui!"

"Ndiyo maana nimechelewa."

Fundi alicheka, nusura ameze pini. Zipu ilipona jioni ile ile. Fundi mwenyewe hakupona.

Huko juu mtandao ulipatikana kwenye jiwe moja tu, na kila jioni mwongoza wageni alilipanda kumpigia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Upepo wa huku unataka kunivua kofia."

"Ukianguka kwenye hilo jiwe, nitasema sikujui."

Fundi aliishi na mama yake, ghorofa ya nne, na mama hakuwa mtu wa kufichwa jambo. "Huyo wa simu," aliuliza siku moja akikunja nguo, "ana miguu au ni sauti tu?"

Kwa hiyo fundi akauliza, "Utakuja lini nyumbani?"

"Tumekaribia, roho yangu."

Alilisema kwa sauti ya chini, laini, na fundi akalala nalo kama blanketi. Msimu ukapita, akauliza tena. "Tumekaribia, mpenzi. Kidogo tu." Akalala nalo tena.

Halafu akaja pale sokoni mpishi wa kambi ya mlimani, bwana mmoja mwenye mdomo usio na breki.

"Nimefuata hema la Tumekaribia, lile lililoletwa kushonwa."

"La nani?"

Mpishi akaangua kicheko. "Hujui? Ndilo jina la yule kijana wa koti jekundu huko juu! Mgeni akichoka, akiuliza kama bado mbali, jamaa anamwambia tumekaribia. Kilele hakionekani hata kwa darubini, yeye anabembeleza tu, tumekaribia, kidogo tu. Na wanatembea, maskini!"

Sindano ikamchoma fundi kidole. Hakukisikia. Alikuwa ameumia kwingine kabisa.

Jioni simu ilipolia alipokea akiwa amesimama. "Usinipigie tena. Mimi si mgeni wako."

"Mpenzi, kuna nini?"

"Kuna umbali, na wewe umeujua siku zote!" Akakata, akazima simu, akalia mpaka mama akaja kukaa pembeni yake.

Mwongoza wageni aliposhuka hakupitia kwanza kwake mwenyewe. Alikuja sokoni moja kwa moja, mzigo mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope, watu wakimpisha. Akasimama mbele ya cherehani. Fundi aliendelea kushona.

"Nijibu kweli," akasema bila kumtazama. "Bado mbali?"

Kijana akatua mzigo chini. "Mbali sana."

Cherehani ikasimama.

"Si kwako," akasema haraka. "Kwa mama yako. Nimefika chini ya zile ngazi zenu zaidi ya mara moja, nikageuka. Ataniuliza nani atakuwa na binti yake mimi nikiwa mlimani, na sina jibu. Mgeni akiogopa, najua la kumwambia. Mimi nikiogopa, sijui."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nimezoea kuficha umbali ili watu wasigeuke. Nikaogopa na wewe utageuka."

Fundi alikuwa bado na hasira, lakini alimpenda, na hilo halikuwa limeondoka hata kidogo. "Ukiwa juu nina kazi yangu, nina mama yangu. Nilichokosa ni ukweli tu. Ukinidanganya tena, nakushonea zipu mdomoni."

"Nyekundu au nyeusi?"

"Jumapili," akasema fundi, akijizuia kucheka. "Saa za mchana. Uje umeoga."

Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata, viatu vinang'aa. Ghorofa ya pili, mtu wa milima akashika ukuta, anahema.

"Bado mbali?" akanong'ona.

Fundi alimwangalia. Ingekuwa rahisi sana kumbembeleza.

"Bado ghorofa mbili," akasema, "na mama ameamka vibaya."

Kijana akacheka, akamshika mkono, wakapanda. Mlango ulifunguliwa kabla hawajagonga.

"Shikamoo mama. Nimechelewa kufika."

"Marahaba." Mama akamtazama usoni, kisha akashusha macho taratibu mpaka kwenye vile viatu. "Kumbe una miguu. Ingia."