Mtaro wa Kaveke

Ndugu zangu, kabla hamjashika majembe ya msimu huu, niwape habari za Kaveke wa Kalamba, mama yake Ndinda. Asubuhi moja, baada ya mvua ya kwanza, kijiji kizima kilikuwa kimetulia na watu wanasalimiana kwa furaha. Kaveke alitoka nje na kikombe cha chai, akatazama chini kwa jirani yake Nzisa, na chai ikamwia chungu.

Udongo mpya, mweusi, ulikuwa umelala kwenye matuta ya Nzisa. Kaveke aliujua. Ulitoka kwake! Shamba lake lilikuwa juu mlimani na halikuwa na tuta hata moja, kwa kuwa alikataa kuingia mwethya, kikundi cha akina mama, Nzisa akiwemo, wanaochimbiana matuta kwa zamu. Mvua iliuosha udongo wake, na maji yalipofika kwa Nzisa yaligonga matuta, yakapunguza mbio, yakauacha hapo. Wivu ukamshika Kaveke.

"Huyu mama anakula jasho yangu," alimwambia mumewe, Muthama.

"Si uingie mwethya? Watakuchimbia na wewe."

"Nimpigie Nzisa magoti? Aiya! Heri hiyo mchanga ipotee, tukose wote."

Jamani, mnasikia? Hakutaka kupata, alitaka mwenzake akose.

Muthama alipokwenda Makindu kuuza mbuzi, Kaveke alichimba mtaro mpakani, ukiteremka moja kwa moja hadi mtoni, ili maji yasipite kwa Nzisa. Mvua iliyofuata, maji ya tope yalipita mbio mtaroni, na Nzisa hakupata udongo hata kiganja. Kaveke alicheka peke yake.

Lakini maji yakibanwa mteremkoni hayana adabu. Yalikwangua chini ya mtaro, kingo zikaporomoka, korongo likazaliwa, nalo likaanza kupanda. Ndiyo, kupanda! Kila mvua lilimega ardhi ya upande wa juu. Likameza ndengu za Kaveke, likameza mbaazi, likafika nyuma ya jiko. Udongo laini ulikwenda na mto, na mchanga mzito ukarundikana kwenye kona ya mto, mahali pasipo na mwenyewe.

Ndipo Nzisa alipopanda na jembe, akina mama wa mwethya wakimfuata na mawe ya kuzibia korongo.

"Mnanisaidia, na mimi ndiye niliwafungia maji?" Kaveke aliuliza akilia.

"Tunaokoa nyumba, Mama Ndinda," Nzisa alijibu. "Hiyo shamba imeenda. Hatuwezi kuirudisha."

Siku hizi Kaveke anapalilia kwa kibarua katika shamba la Nzisa. Nzisa hajawahi kumsuta hata mara moja, na hilo ndilo linalomuuma zaidi.

FUNZO

Ukiona udongo wako umehamia kwa jirani, usimfungie maji. Chimba matuta kwako, na uwaite wenzako wakusaidie. Maji huchukua ardhi ya yeyote anayeyaacha yakimbie, wala hayaulizi ugomvi wenu ulianzia wapi. Kaveke alikuwa na shamba la kumtosha. Alilipoteza kwa sababu hakuweza kuvumilia kumwona mwenzake ameshiba.