Kimya cha Wakili Tusekile

Shahidi alianza kutokwa na jasho. Lilichomoza juu ya mdomo, likachuruzika hadi kidevuni, naye akalifuta kwa kiganja kama afanyavyo mtu yeyote aliyebanwa. Ila huyu hakuwa mtu. Alikuwa shahidi-bandia, roboti mwenye ngozi laini aliyejazwa mienendo ya maelfu ya mashahidi waliowahi kupanda kizimbani. Alijua kudanganya, kusahau, kulia na kununa. Katika Chuo cha Stadi za Uwakili, Dodoma, wanafunzi walijifunza kumdodosa huyo kabla ya kukabidhiwa kesi za watu wa kweli.

"Ulikuwa na tochi?" mwanafunzi alifyatua. "Ilikuwa na betri? Uliinunua lini? Nani alikuuzia?"

"Ndiyo. Ndiyo. Sikumbuki. Simjui," shahidi-bandia alijibu, na jasho lake likakauka.

Nyuma ya kioo, Mhandisi Hidaya Mchomvu alifumba macho. Uchovu wake haukuwa wa kukosa usingizi. Yeye ndiye aliyebuni kinasastadi, ukanda mwembamba ambao mkufunzi huuvaa shingoni anapofundisha. Ukanda huo hunasa sauti, macho, mikono, hata mapigo ya moyo, kisha huviunganisha kuwa somo ambalo mashine hulirudia kwa kila darasa lijalo. Ndiyo maana chuo kiliajiri mawakili wa muda, kila mmoja kwa muhula mmoja tu. Ukishanaswa, huitwi tena.

Habari zilikuwa zimeenea. Kazi ya kutafuta wakufunzi ilikuwa imemwangukia Hidaya mwenyewe, na mawakili wa mji mzima walimkatia simu. "Sauti yangu mnayo, mikono yangu mnayo," mmoja alimwambia. "Sasa umefuata meno?"

Na kulikuwa na la nyumbani. Baba yake mdogo, Elinami, alikuwa gerezani kwa wizi wa mota ya kisima. Wakili aliyemtetea alihitimu chuo hikihiki, tena kwa alama za juu. Hidaya alikuwa mahakamani siku ile. Alimwona wakili akimmiminia shahidi maswali kama mvua ya mawe. Mara moja tu shahidi alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno. Swali jipya likamwahi, akaufunga. Mdomo ule ulimrudia Hidaya kila alipokaa peke yake, na hakujua kwa nini.

Jina la mwisho alilobaki nalo lilikuwa la Wakili Tusekile Mwakalinga, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini aliyestaafu na kulima zabibu nje ya mji. Hidaya alimkuta amechuchumaa, anapogoa matawi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa ule mkanda?"

"Ndiye mimi."

"Afadhali hukukana. Wenzangu wanasema mnawakamua kama miwa, kisha mnatupa makapi."

"Mkurugenzi amesema nisipopata mkufunzi safari hii, atafunga darasa la watu. Wanafunzi watabaki na mashine peke yake."

"Na wewe unaona vibaya?"

Hidaya alifungua mdomo, akakosa jibu. Mzee yule hakumsaidia. Hakurudia swali wala hakuangalia pembeni. Alishika mkasi wake, akamtazama kwa upole kama mwenye siku nzima ya kusubiri. Upepo ukapita kwenye mizabibu. Hidaya akajisikia akisema, "Baba yangu mdogo amefungwa," na baada ya hapo yakamtoka yote, mpaka habari ya ule mdomo wa shahidi uliofunguka ukafungwa.

Wakili Tusekile akafuta mkasi kwenye kanga. "Nitakuja. Andaa chai. Ile ya kwenye mashine yenu sinywi."

Siku ya somo, wanafunzi walimpokea kwa heshima yenye mzaha kidogo. "Karibu, wakili msomi," mmoja alisema, na nyuma kukasikika kicheko.

"Ahsante, msomi mwenzangu. Kaa chini, uone tunavyosoma."

Hidaya alimvisha ukanda shingoni. Mzee akasogea mbele ya kizimba, akauliza, "Ulipomwona mshtakiwa, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Mlangoni kwangu," shahidi-bandia alijibu.

Wakili Tusekile akaitikia kwa kichwa taratibu, kisha akanyamaza. Wanafunzi wakasubiri swali la pili. Halikuja. Viti vikaanza kulia. Mtu akakohoa. Mzee alisimama palepale, ameinamisha sikio kidogo, kana kwamba jibu lilikuwa bado njiani. Jasho likachomoza juu ya mdomo wa shahidi-bandia, likafika kidevuni, na safari hii halikukauka.

"Yaani, mlango ulikuwa umefungwa," alisema. "Nilisikia tu sauti. Nikaambiwa ni yeye."

Darasa zima likashusha pumzi.

Baadaye Hidaya alifungua alichokinasa kinasastadi. Lilikuwepo swali, na mara tu baada yake yakafuata majibu yote mawili, yameunganishwa bila hata nafasi ya pumzi. Kile kimya hakikuwemo. Alirudia mara ya pili, kisha akakumbuka. Alipokuwa akitengeneza ukanda ule aliuamuru ukate kila kimya kirefu, maana aliona ni takataka inayojaza hifadhi bure. Alifungua masomo ya mawakili waliotangulia. Yote yalikuwa yamekatwa vivyo hivyo. Wote walijua kungoja, naye akakifuta kimya chao, akawafundisha vijana kuwahi tu.

"Nikiiondoa amri hiyo," alimuuliza mzee walipokuwa wakinywa chai, "mashine itajifunza?"

"Itajifunza kunyamaza. Wapi na kwa nani, sijui. Ila mimi nitakuwa nimerudi kwenye zabibu, sivyo?"

Hidaya akamwongezea mzee chai kikombeni.

Mkurugenzi Lwehabura, mwanamume mwenye maneno mengi na haraka nyingi, alimkuta ukumbini. "Haya, mhandisi! Ukanda umenasa kila kitu? Tumuage bibi?"

"Haukunasa."

"Kwa nini?"

Hidaya alimtazama. Maelezo yalikuwa yamejaa kinywani, yote ya kweli, na angeyasema kesho. Leo aliyabana. Akainamisha sikio kidogo.

"Una maana gani? Umeharibika?" Mkurugenzi alijikuna shingo. "Au ni kwamba muhula mmoja hautoshi? Maana hata mahakamani wamelalamika. Sikutaka kukuambia. Majaji wawili wameniandikia kwamba wahitimu wetu hawasikilizi." Alitazama dari, akatazama viatu vyake. "Basi, abaki. Na wale wa zamani, kama watakubali, waite. Mbona hunijibu?"

"Nimekusikia, mkurugenzi."

Ushindi ule haukumpa furaha. Elinami alikuwa bado ndani, na shahidi wa kesi yake alikuwa ameondoka na neno lake mdomoni. Hidaya aliketi, akampigia wakili wa kwanza kabisa kuvishwa ukanda.

"Mnataka nini tena?" sauti ikafoka. "Si mlishachukua kila kitu?"

Hidaya alifungua mdomo, akaufunga. Akabaki na simu sikioni, akisikia mtu wa upande wa pili akihema. Akangoja. Na yule mtu hakukata simu.